Jiwe la Ratili Tano

Kila tarehe tisa ya mwezi wa kumi
mvua ya Budadiri hufika kabla ya mgeni rasmi.
Tunawapanga watoto kwa kimo, wafupi mbele,
soksi nyeupe zimeshaanza kunywa matope,
na bendera, nyeusi, njano, nyekundu, mara mbili,
imejikunyata mlingotini kama kuku aliyelowa.
Korongo wake haonekani.
Tunajua tu yumo humo ndani, mguu mmoja juu.

Hotuba ni ileile ya mwaka jana,
imebadilishwa tarehe.
Majina ya wakubwa, meza ya Landani, kalamu,
kisha saa sita usiku kule Kololo,
bendera moja ikishuka, nyingine ikipanda.
Sibishi. Ndivyo ilivyokuwa.
Ila mkobani mwangu, chini ya daftari la mahudhurio,
nimebeba jiwe.

Ni la babu yangu Mutenyo. Lina rangi ya ini,
limelainika upande mmoja kwa jasho la kwapa.
Zama zake kahawa ya Wanale ilikuwa ikikonda njiani:
gunia lililomvunja mtu mgongo huko juu
likifika kwenye mizani ya mnunuzi lageuka unyoya.
Watu walisema ni jua.
Walisema ni umande uliokauka.
Wengine wakasema ni mlima wenyewe,
ukiteremka kila kitu huwa chepesi.
Babu hakujua kusoma,
lakini mgongo wake ulijua hesabu.

Akaokota jiwe mtoni, akalipeleka zahanati ya misheni,
akalilaza kwenye mizani ya watoto wachanga.
Nesi Nabifo alicheka hata akashika ukuta,
kisha akajaza kadi, kwa mwandiko wa hospitali:
Jina la mtoto, Jiwe. Uzito, ratili tano. Afya, njema.

Siku ya soko akalipandisha kwenye mizani ya kituo.
Mshale ukasogea, ukasita, ukasimama kwenye nne.
Foleni nzima ilisikia nzi.
Naye, bila kupaza sauti (bibi aliapa hivyo mpaka anakufa),
akauliza:
"Kahawa inakauka, bwana. Na jiwe je?"

Miezi mitatu jela, kosa ni kuvuruga soko.
Wiki ile magunia yalirudi mlimani bila kuuzwa,
kwenye migongo ileile,
mazito kama yalivyozaliwa.

Watoto huniuliza: Mwalimu, vita vyetu vilipiganwa wapi?
Nawaambia: kwenye foleni.
Wanacheka. Wanataka bunduki, wanataka pango,
wanataka angalau farasi.

Leo gwaride likaisha, soda zikagawiwa,
mgeni rasmi akaondoka na vumbi ambalo halikuwepo.
Nikapita dukani kwa Magombe.
Sikukuu au si sikukuu, kahawa haijui kalenda,
akina mama wamejipanga na mabeseni hadi barabarani.
Babu yake Magombe na babu yangu
walifungwa pingu moja, mkono wa huyu na wa yule.
Picha yake ipo ukutani, juu ya mizani mpya
yenye tarakimu nyekundu zinazowaka.

Nikaliweka jiwe.

Ratili tano ni kilo mbili na robo, na punje kidogo.
Nimefundisha hesabu miaka kumi na tisa.
Tarakimu zikacheza, zikatulia:
mbili, nukta, sifuri, sifuri.

Magombe akaliangalia jiwe.
Halikuwa geni kwake, nyumbani kwao walikua na hadithi yake.
Akafuta kioo kwa kiwiko, kana kwamba ni mvuke.
Namba zilikaa palepale.

Sikuwa na la kusema. Maneno yote niliyoyajua
yalikuwa yameshatumika kwenye hotuba.
Nikalichukua jiwe, likiwa na baridi,
nikageuka kuondoka.

Mama mmoja nyuma yangu akatua beseni,
akapangusa mikono kwenye kanga, akanong'ona:
"Mwalimu,
hilo jiwe
huwa unaazimisha?"